Gari linalipa kodi pale linapolala

Mazungumzo ya timu ya tereni kwenye mkutano wa wanamemba, Kadutu, Bukavu, Agosti 2024. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakufika na kwa wafadhili wetu walio mbali.

Tumeombwa tuseme juu ya ile gari ya Kamembe, na tunajua sale imejaa leo kwa sababu yake tu. Kwa hiyo hatutazunguka.

Mwezi wa tatu tulisimama hapa hapa tukawaambia kwamba gari limepatikana, kwamba ni zima, na kwamba bei yake ni dola 7,000. Tuliandika hivyo hivyo kwa wafadhili. Ile bei haikuwa ya kweli. Hatukuwadanganya kwa kusudi, lakini tuliwapa bei ya gari likiwa ng'ambo ya Ruzizi, na sisi tulihitaji bei ya gari likiwa Bukavu. Wakala wa duane alipotuletea karatasi yake, jumla ilikuwa imepita 9,000. Mama mmoja wa kikundi cha Panzi alituuliza siku ile: "Mulitwambia elfu saba. Hii ingine inatokea wapi?" Hatukuwa na jibu. Tuliosoma chuo kikuu, tunaoandika ripoti za kurasa arobaini, hatukuwa na jibu.

Leo tunalo. Tumekaa na mawakala wawili wa duane, tumesoma sheria, tumefanya hesabu upya. Tunaomba mtusikilize mpaka mwisho, kisha mtugombeze.

Kwanza ile hasara. Tulikuwa tumempa mwenye gari avansi ya dola 500. Tulipoacha kununua, alirudisha 300. Zile 200 zilizobaki kwake zilitoka katika sanduku la kijani, la akiba ya wanamemba. La bluu, la wafadhili, halikuguswa. Kwa kiwango cha 2,800, hizo ni franka 560,000. Mwanamemba anayeweka 2,000 kila juma anahitaji zaidi ya miaka mitano kuzifikisha. Tumezungumza katika timu yetu, na tumekubali kurudisha nusu kutoka mifukoni mwetu, kwa miezi minne. Nusu nyingine tunaiacha kwenu muamue.

Sasa hesabu yenyewe.

Wengi wetu tulikimbia, tukaishi Kigoma, Nyarugusu, Bujumbura, Kampala, Nairobi, kisha tukarudi. Kila mmoja amerudi na bei kichwani. "Kwa Dar es Salaam gari kama ile ni elfu tano." "Kwa Kigali wanauza elfu saba." Zote zinaweza kuwa za kweli. Lakini bei ya gari ina mambo mawili ndani yake: gari lenyewe, na kodi ya nchi ambamo gari limeandikishwa. Ukiona bei, swali la kwanza ni hili: kodi ya nchi gani imekwisha kuingia humu ndani?

Kodi ya mauzo kwetu inaitwa TVA. Ilianza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2012, ikachukua nafasi ya kodi ya zamani iliyoitwa ICA, na kiwango chake ni 16 kwa mia. Rwanda, Burundi, Uganda na Tanzania wako kwenye 18. Kenya wako 16 kama sisi. Kwa hiyo mzee mmoja wa komite alisema, na alisema kwa akili: basi Kongo ni rahisi kuliko Rwanda, tunaokoa mbili kwa mia. Hapo ndipo tulipojikwaa wote. Zile mbili kwa mia hazina maana kubwa. Jambo lenye maana ni kujua TVA inapigwa juu ya nini, na inapigwa mara ngapi.

Inapigwa juu ya nini? Duane hawapigi TVA juu ya bei uliyomlipa muuzaji peke yake. Wanachukua thamani ya gari pamoja na usafiri na asiransi mpaka mpakani, wanaongeza ushuru wa kuingiza, na kama kuna ushuru wa bidhaa wanauongeza pia, ndipo wanapiga 16 kwa mia juu ya jumla ile. Kwa maneno mengine, unalipa kodi juu ya kodi. Tarifu yetu ina viwango vya kawaida vya ushuru 5, 10 na 20 kwa mia kufuatana na kitu chenyewe. Kwa mfano wa leo tuweke 10, ili kila mtu afuate kwa vidole. Gari limefika mpakani kwa dola 5,000. Ushuru ni 500. Sasa tuko 5,500. TVA ni 16 kwa mia ya 5,500, yaani 880. Jumla 6,380. Aliyejumlisha 10 na 16 akapata 26 atasema kodi ni 1,300. Kwa kweli ni 1,380. Dola 80 ni kidogo? Waulize wanaobeba mizigo kwenye soko la Kadutu. Na kama gari liko kwenye 20, ushuru unakuwa 1,000, TVA 960, jumla 6,960. Mnaona: TVA imepanda na kiwango chake hakijabadilika hata kidogo.

Tena duane hawalazimiki kuamini karatasi ya muuzaji. Wana namna yao ya kukadiria thamani. Ukileta fakture imeandikwa dola 1,500 kwa gari ambalo kila mtu anajua thamani yake, utapoteza siku, utalipa faini, na mwisho utalipa juu ya thamani wanayoijua wao. Tunasema hivi kwa sababu kuna mtu, hatutamtaja, alitushauri tufanye hivyo, na kwa dakika tano tulimsikiliza.

Sasa tuje kwenye mara ngapi. Hapa ndipo pesa yetu ilitaka kufia.

Lile gari la Kamembe lilikuwa na plake ya Rwanda. Lilitoka Japani, likashuka bandarini, likaingia Rwanda, likalipiwa kila kitu pale. Rwanda wanafuata tarifu ya pamoja ya Afrika Mashariki, na gari la kawaida la abiria linalipa ushuru wa 25 kwa mia. Tuchukue gari lile lile la 5,000. Ushuru wao ni 1,250. Tuko 6,250. TVA yao ya 18 kwa mia ni 1,125. Tuko 7,375, na hatujaweka bado ushuru wa bidhaa, ambao kwao unafuata ukubwa wa injini. Mwenye gari ni raia kama mimi na wewe. Alilipa zile kodi zote, na anapouza anataka arudishiwe pesa yake. Hana kosa. Bei yake ina kodi za Rwanda ndani, hata kama hakuna karatasi inayosema hivyo.

Halafu sisi tunalivusha daraja. Duane ya Kongo haiulizi kama ulikwisha kulipa kwa jirani. Inalihesabu kama gari linaloingia leo. Kama thamani imewekwa 7,375, ushuru wa 10 ni 737 na nusu. TVA ni 1,298. Jumla inafika 9,410 na nusu. Gari ni lile lile, lenye tairi nne zile zile, lakini lile lililokuja moja kwa moja kwa jina letu lilifika 6,380. Tofauti ni zaidi ya dola 3,000. Hizo dola 3,000 hazikununua hata boji moja. Ni ushuru na TVA ya nchi ya pili, na kodi yetu juu ya kodi yao.

Kweli, gari likishatumika thamani inashuka, na mtu mwenye haraka anauza kwa hasara. Inatokea. Lakini ukitaka kununua gari lililokwisha kuandikishwa kwa jirani, lazima bei yake iwe imeshuka vya kutosha kuzimeza zile kodi za kwanza. La Kamembe halikuwa limeshuka. Lilikuwa linang'aa, na sisi tulikuwa tunaangalia rangi.

Mtatuuliza: kodi ya Rwanda haiwezi kurudishwa, kwa sababu gari limetoka nchini mwao? Kwa kanuni ya TVA, bidhaa inayouzwa nje haibebi TVA ya pale ilipotoka. Lakini hiyo inamhusu muuzaji aliyeandikishwa kwenye kodi, anayetoa fakture, na bidhaa itoke kwa karatasi za duane. Mwalimu anayeuza gari lake aliloendesha miaka mitatu hana njia hiyo. Na yule wa Kamembe alikuwa mtu wa namna hiyo.

Neno lingine ambalo tumelisikia sana katika vikundi: "Lakini tuko ndani ya Afrika Mashariki sasa." Ni kweli. Kongo iliweka sahihi tarehe 8 Aprili 2022, na tangu Julai ya mwaka ule ni memba kamili. Na ba mama wanaovuka Ruzizi ya Kwanza na vikapu vya nyanya wanajua kwamba kuna bidhaa za wachuuzi wadogo zinazopita bila ushuru, kwa ule utaratibu rahisi wa COMESA. Sasa wanafikiri na gari lingepita hivyo. Hapana. Upunguzaji ule unafuata asili ya kitu. Nyanya imelimwa Rusizi, ina asili ya hapa. Gari limetengenezwa Japani. Hata likikaa Kigali miaka kumi, halijawa Mnyarwanda.

Kuna kitu kilituchekesha kidogo katika kazi hii, na tunakisema kwa ajili ya ndugu zetu wa ng'ambo. Mmoja wa waliochukuliwa Marekani kutoka Nyarugusu anaishi sasa Boise, katika jimbo la Idaho. Tulipomweleza shida yetu alisema, "Hata huku iko vile vile." Idaho wana kodi ya mauzo ya 6 kwa mia. Jirani yao Oregon hawana kodi hiyo kabisa. Alipofika alifikiri amevumbua dawa: atavuka, atanunua gari Oregon, atarudi na faida. Akanunua. Alipokwenda kuomba plake Idaho, wakamwomba ile 6 kwa mia, maana gari linalipa pale linapoandikishwa. Tofauti yake na yetu ni moja: Oregon hawakumtoza kitu, kwa hiyo alilipa mara moja. Na hata katika majimbo ambayo yote yanatoza, kwa kawaida jimbo lako linakuhesabia ile uliyokwisha kulipa kwa jirani. Sisi hapa, kati ya nchi na nchi, hatuna hesabu ya namna hiyo kwa gari la mitumba.

Tusichanganye pia jimbo na serikali ya Kinshasa. Watu wengine wanasema Goma TVA ni ndogo, Lubumbashi ni ndogo. Si kweli. TVA ni kodi ya taifa, ni 16 hapa, ni 16 Goma, ni 16 Matadi. Jimbo la Kivu ya Kusini halina TVA yake. Jimbo lina kodi ya magari, ile tunayoita vinyeti, ambayo inarudi kila mwaka. Hiyo ni ndogo ukiilinganisha na za mpakani, lakini lazima iwe katika bajeti ya kikundi, si mwaka wa kwanza tu. Pamoja nayo kuna plake, karte roze, asiransi, kuna OCC kwa ukaguzi wa bidhaa zinazoingia, na malipo ya wakala mwenyewe. Mmoja mmoja hayatishi. Kwenye karatasi ya Kamembe, yakiwa pamoja, yalitosha kutuvusha 9,000.

Na swali ambalo mzee wa Bagira huwa analeta: tunalipa yote hayo, barabara iko wapi? Katiba ya 2006, kwenye kifungu cha 175, inasema 40 kwa mia ya mapato ya taifa ni ya majimbo. Majimbo yamekuwa yakilalamika miaka mingi kwamba hayapati sehemu hiyo kama ilivyoandikwa. Anayeshuka Ngomo wakati wa mvua hahitaji tumweleze zaidi. Tunakubaliana na mzee. Lakini hasira yake, ambayo ni yetu pia, haibadilishi karatasi ya duane.

Sasa mapendekezo mawili yaliyotoka kwenu, na sababu tuliyakataa. Tunajua wengine hawajatusamehe bado.

La kwanza: tuache gari na plake ya Rwanda, tuliingize kwa kibali cha muda, tufanye kazi nalo. Wengine wanafanya, tunawaona Nyawera kila siku. Kibali cha muda ni cha mgeni anayepita. Gari letu lingekuwa linatoa mizigo ya wanamemba Mudaka na Nyangezi, linapeleka wagonjwa Panzi, na kupokea malipo. Siku moja likikamatwa, halitakuwa limekamatwa gari la mtu mmoja. Litakuwa limekamatwa sanduku la kijani la watu wote mliokaa hapa. Na kuna jambo dogo: kwa karatasi lingebaki kwa jina la yule mtu wa Kamembe. Akifa, akikana, tutashtaki wapi?

La pili lilikuwa gumu zaidi kwetu, kwa sababu lilituhusu. Mlisema: "Ninyi ONG muko na msamaha wa kodi. Liingizeni kwa jina lenu, halafu mutupatie." Ni kweli kwamba sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, ile ya mashirika yasiyo ya faida, inafungua njia ya msamaha kwa ONG. Lakini msamaha unaombwa kwa vitu vya mradi, kwa orodha, kwa sahihi za mawaziri. Gari likiingia hivyo, haliwezi kugeuka kuwa la mtu mwingine bila kodi kulipwa. Tungeandika kwamba gari ni la mradi, huku tukijua ni la kikundi na litafanya biashara. Tungewafanyia ninyi wema kwa mwaka mmoja, na mwaka wa pili tungepoteza msamaha hata kwa dawa na mbegu. Tulisema hapana. Baba mmoja aliondoka kwenye mkutano ule bila kutuaga, na mpaka leo tukikutana Feu Rouge anaangalia upande wa ziwa. Tunamwelewa. Alikuwa ameweka akiba tangu siku ya kwanza.

Kuna njia halali ambayo kikundi chenyewe kinaweza kujaribu: mkishapata karatasi zenu za utu wa kisheria, mnaweza kuomba kwa jina lenu. Tutawasaidia kuandika. Lakini msiweke bajeti ya gari juu ya msamaha ambao haujatoka.

Basi tunafanya nini sasa? Tunatafuta gari ambalo bado halijaandikishwa katika nchi yoyote ya hapa. Lishuke Dar es Salaam, lisafiri kwa karatasi za transiti, lipite Rusumo, lipite Rwanda likiwa chini ya duane bila kulipa kodi ya kule, lifike Ruzizi na lilipe mara moja, kwetu. Barabara ni ndefu, zaidi ya kilometa elfu moja, na usafiri una gharama yake, nayo inaingia katika thamani ambayo duane wanaipigia hesabu. Hilo nalo tulikuwa hatulijui: ukilipa dola 100 zaidi kwa usafiri mpaka mpakani, unaongeza na kodi juu ya hizo 100. Kwa hiyo wakala akikuambia "usafiri tutaona mbele," mwambie aandike sasa.

Na kabla ya kutoa avansi, hata ya dola 50, tunataka karatasi ya wakala wa duane yenye jumla ya gari likiwa limesimama Bukavu na plake ya Kongo. Atoe fungu kwa fungu: thamani, usafiri, ushuru kwa kiwango gani, TVA juu ya kiasi gani, kisha zile ndogo zote. Tuipate kwa mawakala watatu, si mmoja, na wanamemba wawili waliosoma hesabu waipitie bila sisi kuwepo.

Kwa wafadhili wetu tumeandika barua mpya. Tumewaambia kwamba ile 7,000 ilikuwa kosa letu la hesabu, si la wanamemba, na kwamba wakiona kwenye bajeti mstari wa kodi unaokaribia theluthi moja ya thamani ya gari, hakuna mtu aliyeula. Mmoja wao alitujibu akiuliza kwa nini tusinunue tu gari Rwanda, kwa sababu ameona kwenye ramani ni karibu. Tumemtumia ile hesabu ya 6,380 na 9,410. Bado hajajibu.

Karatasi mbili za mawakala ziko kwa mama mweka sanduku, kila mtu anaweza kuzisoma leo kabla ya kutoka. Moja inatoa TVA juu ya bei ya muuzaji tu, bila kuongeza ushuru, kwa hiyo inaonekana rahisi. Tumeizungushia kalamu nyekundu pale. Wakala wa tatu ameahidi Ijumaa. Kura itakuwa mkutano ujao, na swali la zile dola 100 za sanduku la kijani litapigiwa kura siku hiyo hiyo, sisi tukiwa nje ya sale.